Mwali wa Kaka Kibwana

Jumatatu, 2 Novemba 1953

Alois amepata kazi ya msitu! Alois wangu! Askari wa misitu wa Serikali, kwa barua yenye muhuri!

Haya, sasa ndiyo nisalimu. Daftari, hujambo. Mara ya mwisho niliandika habari za matuta ya Bwana Shamba na mgongo wa mume wangu Lukasi, nikakufungia sandukuni na nguo za kanisani tangu Agosti. Leo nimekutoa. Furaha kama hii mtu hawezi kukaa nayo kifuani tu, atapasuka.

Alifika saa nane mchana. Nilikuwa napalilia kabichi kule bondeni, nikasikia mtu anapanda kwa viatu. Kwa viatu! Hapa kwetu anayepanda kilima hiki kwa viatu ni Padri peke yake. Nikachungulia – kaptula ya kaki, imepigwa pasi hadi mkunjo umesimama. Soksi za magotini. Kofia. Kifuani kibati cha shaba chenye kichwa cha twiga (kwa nini twiga, sijui, huku kwetu hatuna). Nikajua ni mtu wa Boma, kaja tena kwa mambo ya matuta. Nikainama haraka nikajifanya nachimba tuta, na kabichi mbili nikazikata kwa kihoro. Kumbe mwanangu! “Shikamoo mama.” Nililia kidogo. Si sana.

Barua nimeisoma mwenyewe. Lukasi alitaka Alois amsomee, nikasema lete hapa, Masista hawakunipa madarasa manne bure. Neno moja tu lilinishinda, nalo la Kiingereza.

Kazi yenyewe ni kuulinda msitu huu huu ulio juu yetu, kuanzia kijito hadi mwamba mweupe. Kwao hapa hapa! Na wangempa nani mwingine? Miaka miwili Alois amekata mkonge Mazimbu, lakini roho yake haikutoka huku. Alikuwa anajua sauti za ndege kabla hajajua sala ya Baba Yetu. Nasema kweli tupu.

Leo ni siku ya Marehemu. Asubuhi nilimwombea mama yangu. Naona alisikia upesi.

Jumanne, 3 Novemba

Nimempelekea Kristina kichane cha ndizi. Ndizi anazo, nyingi kuliko zangu. Lakini mtu haendi kwa jirani mikono mitupu akiwa na habari kubwa.

Mwanawe ni askari wa jela kule Kingolwira. Miaka miwili tumesikia Kingolwira, Kingolwira, treni ya Kingolwira, ng'ombe wa Kingolwira, mpaka mimi naiota usiku. Leo nikamwambia: wako analinda wezi, wangu analinda mlima mzima. Akacheka – sisi ni marafiki tangu ujana – kisha akaniuliza, “Na huko mlimani, Mama Alois, wanaiba akina nani? Nyani?”

Nikamwambia subiri tu, utaona.

Alois hana maneno mengi. Viatu vimemchubua, amekaa kizingitini anapaka mafuta ya nyonyo. Kitu cha kwanza kuuliza: mjomba hajambo?

Mjomba wake ni kaka yangu mkubwa, Kibwana. Anakaa msituni. Si pembeni ya msitu, ndani kabisa, mwendo wa saa tatu kwa miguu yangu. Mkewe alipofariki alipanda kwenda kutundika mizinga, akasema atarudi baada ya wiki. Mwaka wa sita huu. Ana kibanda, ana moto, ana mizinga kumi na minne. Anashuka mara mbili kwa mwaka, analeta asali, anakula ugali wangu, anasema chumvi imezidi, anapanda. Hakubatizwa. Padri amemwombea mpaka amechoka.

Alois amelelewa mgongoni mwa huyo mzee. Yote anayoyajua kapata kule.

Alhamisi, 5 Novemba

Leo nimeingiza mzungu nyumbani kwangu.

Bwana Msitu mwenyewe! Alikuja kumwonyesha Alois mpaka, na karani wake Yunusi wa mjini, kijana Mwislamu mwenye adabu, kanzu safi, sijui amepandaje nayo matope yale. Wakapumzika kwangu. Nikatoa ndizi mbivu, nikatoa togwa, nikatandika ule mkeka wenye maua. Kristina alipita njiani mara tatu. Alikuwa “anatafuta kuku”.

Bwana Msitu akasema neno, Yunusi akanitafsiria: “Mama, Bwana anasema kijana wako anaujua msitu kama aliyezaliwa humo. Kajifunzia wapi?”

Hapo ningesema: ni Mungu tu. Watu wenye akili husema hivyo.

Mimi nikaanza! Kwa mjomba wake! Kaka yangu Kibwana! Mwaka wa sita anaishi humo ndani, ana nyumba, moto wake hauzimiki, anawajua mbega kwa koo zao, hakuna mti asioujua! Nilisema yote, na mikono ikisaidia. Yunusi anatafsiri, anazidi kupunguza sauti. Bwana Msitu akaacha kutafuna. Akauliza: upande gani?

Nami – ee Mama Maria – nikanyosha kidole.

Alois alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ijumaa, 6 Novemba

Alois hakula jana jioni. Leo asubuhi amenieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

Sheria inasema mtu haishi ndani ya mpaka. Mizinga inaweza kupewa cheti. Nyumba hapana, moto hapana. “Nilijua mama. Nilipanga kwenda kumshusha taratibu kabla Boma hawajajua.” Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Sasa wamejua. Kibanda kivunjwe, mzee atoke. Bwana Msitu anaenda Kilosa, atarudi Jumamosi tarehe 12 Desemba kukagua mpaka wote. Akikikuta kibanda, kitachomwa moto, na wa kukichoma ni askari wa msitu huu. Akikataa, avue kibati.

Askari wa msitu huu ni Alois.

Nimekaa nayo siku nzima. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mkubwa wake: ndiye aliyemshika mkono alipotoka jandoni, na siku kaka akifa ni Alois atakayelichukua jina la Kibwana na kulikalia. Mpwa hasimami mbele ya mjomba akasema toka. Hata awe na vibati kumi. Watu wangetema mate.

Wa kumwambia ni dada yake tu. Ndiye mimi. Na ndio mdomo huu huu uliomtaja.

Jumapili, 8 Novemba

Mvua. Sijapanda.

Baada ya misa Kristina akanishika kiwiko, akaninong'oneza: ni kweli kazi ya kwanza ya mwanao ni kumchomea mjomba wake nyumba? Hakusema kwa ubaya. Nilimwangalia, nikaona ana machozi kidogo. Nikamwambia twende kwangu tukapepete maharage.

Jumanne, 10 Novemba

Nimepanda na nimerudi. Nimechoka hata kalamu inaandika matuta.

Niliondoka alfajiri na magimbi ya kuchoma, kipande cha sabuni, chumvi. Chumvi kidogo, asiseme imezidi. Ukipita kijito cha mwisho jua linabaki nyuma. Ukungu unaning'inia mitini kama nguo zilizosahauliwa kambani. Niliwakuta siafu wanavuka njia, nikangoja wapite, wengi kuliko watu wa Pasaka. Juu mbega wakaniona, wakakaa kimya na kanzu zao nyeupe, kama wazee wa kanisa wanaomtazama aliyechelewa. Nilikuwa nimesahau ule mlima unavyonuka – majani yaliyooza, na uyoga, na mahali fulani asali.

Kaka alikuwa nje, anasuka kamba. Amezidi kukonda. Kifua kinamkorofisha, nilimsikia akikohoa kabla sijamwona.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Umenenepa, Agnes. Serikali imeanza kukulisha?”

Kumbe habari za Alois alikuwa nazo! Watu wanaotafuta dawa walimwambia. Alifurahi. Akaniuliza kama viatu vinamtosha, nikasema vinamchubua, akacheka mpaka akakohoa tena.

Nikakaa. Nikamwambia yote. Sikujificha – nilimwambia kidole ni changu. Akamaliza kufunga kile kipande cha kamba. Kisha akasema: “Ulipokuwa mdogo uliwahi kumwonyesha Jumbe mahali baba alipoficha pombe. Kwa kujivuna vile vile. Kwamba baba yako ana pombe nyingi.”

Kweli. Nilikuwa nimesahau.

Nikamwambia ashuke. Ardhi ya mama ni yangu na ni yake, Lukasi atamjengea kando ya kijito, mizinga tutaitundika kwenye miti ya pembeni. Akasema sawa.

Sawa! Nikashukuru Mungu kwa sauti. Lakini akaninyoshea mkono, subiri, njoo huku.

Nyuma ya kibanda kuna mti mkubwa ajabu, watu watano hawaukumbatii. Juu yake, kama urefu wa nyumba tatu, kuna tundu. Limezibwa kwa udongo, umebaki ufa mwembamba kama wa sanduku la sadaka. Tukakaa chini kimya. Mara akaja hondohondo dume, ile sauti yao kama mtoto mchanga anayelilia titi, mabawa yakivuma. Akashika gome, akatapika tunda moja la mkuyu. Mdomo ukatokeza ufani, ukapokea. Tunda jingine. Jingine tena. Nikahesabu kumi na saba! Mwanamume gani huyo? Lukasi akiniletea embe moja anataka kushukuriwa wiki nzima.

Mke yumo ndani, kaka akasema. Kajikomea mwenyewe, kajinyonyoa manyoya, hawezi kuruka. Kaangua. Hatoki mpaka mtoto awe tayari. Mwaka juzi watu walipanda, wakaubomoa ukuta, wakamla mama na kitoto – wana mafuta, si unajua. Mwaka jana walimpiga dume kwa mshale, na wale wa ndani wakafa njaa. Alisikia wakilia siku nne, ukuta ule hakuweza kuufikia. Mwaka huu akasema hapana.

“Mimi nina mwali ndani, Agnes. Mwali haachwi. Akitoka tu, natoka.”

Nilitaka kukasirika. Ndege! Kazi ya mtoto wangu kwa ajili ya ndege! Lakini nilikumbuka mimi mwenyewe nilivyowekwa ndani, miezi mingi, na shangazi yangu aliyenitunza hakuvuka kijito hata siku ya msiba wa ndugu yake, mpaka nilipotolewa kwa ngoma. Aliyemfungia mwali ndiye hukaa mlangoni. Hakuna anayempokea zamu.

Nikasema hata hivyo: kaka, kulinda msitu ni kazi ya Alois sasa. Akasema, “Mwambie Alois naifanya kazi yake bila viatu.”

Ile kamba aliyokuwa anasuka kumbe ndiyo kalenda yake. Tangu siku ukuta ulipofungwa anapiga fundo moja kila asubuhi. Nilihesabu mwenyewe: mafundo sitini na matatu. Nikamuuliza huwa yanafika mangapi. Akasema mmoja aliwahi kutoka kwa tisini na manne. Mwingine tisini na nane. Mwaka wa njaa, mia.

Jumatano, 11 Novemba

Hesabu sijasahau! Nimeifanya kwenye jalada la nyuma, Lukasi akanisimamia kama mwalimu ingawa yeye hajui kutoa.

Jana fundo la 63. Novemba ikiisha, 83. La 94 ni Ijumaa tarehe 11 Desemba. La 98 ni Jumanne tarehe 15. La 100 ni Alhamisi tarehe 17.

Bwana Msitu anakuja tarehe 12.

Nimeirudia mara tatu. Inatoka vile vile.

Lukasi anasema: avunje kibanda, akae chini ya mti. Mvua hii? Na kifua kile? Atakuwa maiti kabla ya Noeli. Basi Lukasi akachukua panga, akaenda kutazama fito.

Alois alisikiliza yote. Nilipofika kwenye habari ya matunda kumi na saba akatabasamu. Akasema: “Ni mti ule wa kushoto, mama? Nilipokuwa na miaka tisa mjomba alinionyesha. Walikuwa wanazaa pale pale.”

Jumatatu, 16 Novemba

Alois alishuka Mlali, akapanda lori la mboga hadi mjini kumwona karani Yunusi. Alitaka Bwana Msitu apelekewe barua Kilosa aongeze siku saba. Saba tu.

Yunusi akamwambia: ndugu yangu, niandike nini? Kwamba ndege hajafungua mlango? Akaandika hata hivyo, Mungu ambariki. Aliandika “kwa sababu ya uzazi”.

Jumatano, 25 Novemba

Jibu limekuja. Hapana. Bwana Msitu anauliza ni nani anayejifungua, na kwa nini msituni, na anasema tarehe ni ile ile. Nyumba isiwepo. Watakuja na wafyekaji sita wa mpaka, na kama askari hawezi kuwatoa watu wa kwao, ataletwa askari wa kwingine.

Alois aliikunja barua kwa uzuri, akaiweka mfukoni penye kibati. Akaenda zamu. Siku hizi anavaa viatu mpaka kijitoni, akifika pale anavivua anavificha chini ya jiwe, anapanda peku. Anadhani sijui.

Jumapili, 29 Novemba

Majilio yameanza. Padri amehubiri juu ya kungoja. Nilitaka kusimama niseme, Baba, hapa tuna wanaojua kungoja.

Nyumba ya kaka inapanda! Lukasi amesimamisha nguzo. Amesema maneno mengi juu ya mgongo wake, lakini ameweka dirisha upande wa juu, linalotazama msitu. Sikumwambia. Kaliwaza mwenyewe. Nilimpikia kuku.

Ijumaa, 4 Desemba

Fundo la 87.

Mizinga kumi na miwili imeshashushwa. Wanaishusha jioni nyuki wakiwa wametulia, Alois mbele, kaka nyuma anawasemesha kama watoto wa shule. Leo wameutundika wa kumi na mbili kwenye mti ulio juu ya nyumba mpya. Kwa hiyo mzee alifika kwenye nyumba! Aliishika nguzo, akaitikisa, akasema Lukasi amejenga kama mtu anayejengea mbuzi. Akaona dirisha. Akasimama pale kitambo. Kisha akarudi zake juu na kile kikohozi.

Alois alimwomba: mjomba lala huku, nitakaa mimi mlangoni kwa mwali. Mzee akamwambia: “Wewe una wakubwa wawili, mimi na Boma. Mlinzi wa mwali ana mmoja.” Nilidhani Alois atauma mdomo kwa hasira. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa anakitafuta.

Kristina ameleta nyasi za kuezekea. Mizigo minne. Hakutaja Kingolwira hata mara moja, nikaingiwa na wasiwasi kama anaumwa.

Jumanne, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria. Fundo la 91.

Alois ameshuka na habari. Kitoto kinasikika sasa, sauti nene, si ile ya kulia-lia. Na dume analeta matunda machache kuliko zamani – kaka anasema ndiyo dalili, anawatamanisha watoke. Ukuta? Mzima. Hata ufa haujaongezeka.

Niliwasha mshumaa kanisani. Sikujua niombe nini hasa. Kumwombea ndege si dhambi, nadhani. Nilisema: Mama, wewe ulijifungulia pasipo na nyumba, unajua zaidi yangu.

Jumatano, 9 Desemba

Fundo la 92. Mvua usiku, leo jua.

Nyumba imeezekwa. Nimezikandika kuta mwenyewe kwa mikono yangu, nimepaka udongo mwekundu chini na mweupe juu. Nzuri kuliko ya Kristina. Nimemwambia hivyo, akasema nyasi ni zake.

Alhamisi, 10 Desemba

Fundo la 93.

Jana jioni Alois alioga, akakata kucha, akavua nguo za kazi zote. Akazikunja. Kaptula, shati, soksi, kofia juu. Kile kibati akakiweka hapa, juu ya daftari hili, ndiyo sababu jalada limepata alama. Akavaa shuka lake la zamani.

“Mama, naomba unipigie pasi.”

Nikamwuliza unazivaa lini. Akasema anapanda kukaa na mjomba. Ukuta ukivunjika wakati wowote hadi Jumamosi asubuhi, wataking'oa kibanda kwa mikono yao wawili, atashuka, atavaa, atamsalimia Bwana Msitu na kumwonyesha kuwa ndani ya mpaka hakuna nyumba. Usipovunjika – “basi nguo hizi umpe Yunusi. Umpe zikiwa zimenyooka.” Moto hatawasha. Wala hatasimama pembeni mwingine akiwasha.

Nilikuwa na maneno mengi. Miaka miwili mkonge ulivyomkata mikono. Barua yenye muhuri. Yule twiga! Nilimtazama, nikaona jinsi alivyosimama – ni kaka Kibwana huyu, kabla mgongo haujapinda. Nikamfungia magimbi na blanketi mbili, moja ya mzee. Nikamwambia tu, peku utateleza, kuna matope. Akasema hajawahi kuteleza peku.

Wote wanataka kujua naona fahari ya nini sasa. Lukasi ameniuliza. Naona fahari! Nimeijua leo hii wakati nakoleza mkaa wa pasi. Nitaiweka moyoni, sitamwambia mtu.

Labda Kristina.

Sasa nieleze nilichopanga. Njia ya kupanda msituni inapita mlangoni kwangu, hakuna nyingine. Bwana Msitu ataondoka Mlali alfajiri, saa tatu atakuwa hapa. Kutoka hapa hadi ule mti ni saa tatu za miguu yangu, yeye labda mbili. Ndege hutoka asubuhi, kaka anasema, jua likishapiga ukuta. Kila saa nitakayomkalisha mzungu huyu mkekani ni saa ya mwali.

Kwa hiyo jogoo mwekundu anachinjwa. Togwa imeshakaa siku mbili. Asali ipo, sega zima, na asali hailiwi kwa haraka. Na mimi nitasema. Mdomo huu ndio uliomponza kaka, na huu huu utatumika! Nitaanza tangu nilipoumwa uchungu wa Alois, siku mbili na nusu, nitataja meno yake moja moja, nitaeleza Komunyo yake ya kwanza, surua yake, yule chui aliyemwona kijitoni, kila ndege na jina lake. Yunusi atachoka kutafsiri kabla mimi sijachoka kusema – na nadhani hatafanya haraka, yule kijana. Wale wafyekaji sita watapewa ubwabwa.

Nilimweleza Kristina. Akakaa, akawaza. Akaniuliza: na ukikaukiwa na sauti?

Nikamwambia hapo utanipokea. Umweleze habari za Kingolwira.

Zote?

Zote. Na treni.

Alinikumbatia! Kisha akakimbilia kwake kuangalia kama kanga yake nzuri imekauka.

Pasi imepata moto. Nimeinyosha kaptula, mkunjo umesimama vizuri kuliko siku ile alipokuja. Shati limening'inia msumarini, na kibati nimekibandika mahali pake, nimekisugua kwa jivu, yule twiga anang'aa. Mlango wa nyumba mpya uko wazi, nimetandika kitanda. Huko juu mawingu yamejifungua kidogo. Nimemsikia hondohondo mmoja, mbali sana, lakini wako wengi, sijui kama ni wetu.

Kesho la tisini na nne. Bwana Msitu, Yunusi, wafyekaji, Kristina na kanga yake, Padri naye kasikia jogoo anachinjwa, Alois na mjomba wake kama Mungu akijalia – wote wanakuja Jumamosi.